Daktari, mimi natoka Newala: nilivyoomba leza badala ya sindano za kila mwezi

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta zile mvua, barabara ya kusini ilikatika upande wa Kilwa na mabasi ya Dar es Salaam yakasimama. Wenye dharura na nauli ya kutosha walizungukia Tunduru na Songea, safari inayomchosha hata mtu mzima wa afya. Mimi nilikuwa na tarehe ya sindano ya jicho Dar. Ilipita nikiwa barazani kwangu Newala, mkoani Mtwara.

Ni mwalimu wa sekondari na nina kisukari cha siku nyingi. Macho yalianza kwa utando mweusi kushuka kwenye jicho la kulia, kama masizi ya koroboi yanavyopanda ukutani. Nikapewa rufaa. Dar walinitia matone ya kutanua mboni, wakanipiga picha za retina, ile ngozi nyembamba ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. Mishipa mipya ya damu ilikuwa imeota, na mmoja ulishavuja. Jicho la kushoto nalo lilikuwa na mishipa hiyo, ilhali lilikuwa linasoma maandishi madogo ya gazeti bila shida. Hilo ndilo lililonitisha kuliko lile lililovuja.

Nilivyoelezwa ni hivi. Sukari inaziba mishipa midogo, retina inakosa oksijeni, inatoa protini iitwayo VEGF, na protini hiyo inaotesha mishipa mipya isiyo imara. Sindano inaizima protini kwa wiki chache. Leza, yaani mwanga wenye nguvu, inachoma sehemu za pembeni za retina ili mahitaji ya oksijeni yapungue, na kazi yake hubaki. Dawa ya sindano yangu ni bevacizumab, wengi wanaiita Avastin. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na kwenye jicho huwekwa tone dogo sana. Mke wangu aliposikia neno saratani aliinuka kwenye kiti, ikabidi sista amkalishe tena na kumweleza taratibu.

Sindano yenyewe haiumi kama unavyofikiria. Wanakutia ganzi ya matone, kisha ayodini ambayo inawasha kweli, wanaweka kichuma cha kushikilia kope, wanakuambia, "Mwalimu, tazama juu, usisogee." Unasikia mgandamizo, kisha unaona viduara vyeusi vinaogelea. Basi. Niliulizia mbona sikupewa matone ya antibaiotiki ya kwenda nayo nyumbani, maana kwetu mgonjwa akirudi mikono mitupu huhesabiwa hakutibiwa. Sista akasema ayodini ile ndiyo kinga yenyewe, na tafiti hazikuona faida ya matone baada ya sindano.

Alinipa kitu kingine cha maana zaidi: tofauti ya wekundu na wekundu. Doa jekundu kwenye weupe wa jicho, lisilouma, ni damu ya juu juu na hutoweka lenyewe. Lakini jicho likiuma, uoni ukafifia na mwanga ukakera ndani ya siku chache baada ya sindano, hayo yanaweza kuwa maambukizi ya ndani ya jicho. Si ya kusubiri kesho. Hutokea kwa nadra, karibu sindano 1 kwa kila 2,000 au 3,000, ila yanaweza kuondoka na jicho. Basi safari moja niliporudi na jicho jekundu kama la mnywaji wa ulaka, jirani akaja na chupa yake ya matone ya kienyeji, nikamshukuru nikaiweka dirishani. Haliumi, naona, nikalala.

Barabara ilipofunguka, damu ilikuwa imevuja tena jicho la kulia. Mpwa wangu anasoma udaktari, nikamwambia anitafutie tiba hizi mbili zilipimwa vipi kwa watu wa ugonjwa huu. Aliniletea mambo matatu, akanitafsiria kwa simu jioni moja nzima. Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, utafiti mkubwa ulionyesha kuwa leza hupunguza upofu mkali kwa zaidi ya nusu kwa wenye mishipa hatari. Mwaka 2015 wengine walilinganisha sindano na leza kwa wagonjwa 305 kwa miaka miwili: sindano haikuzidiwa, tena uoni wa pembeni ulibaki mzuri zaidi. Hapo nilitaka kukata simu, sindano imeshinda. Mpwa akasema, "Mjomba, subiri. Hao walikuwa wanafika kliniki karibu kila mwezi." Utafiti wa tatu, wa 2019, uliangalia waliopotea kliniki kwa zaidi ya miezi 6. Waliokuwa wamepata sindano peke yake walirudi na macho mabaya kuliko waliopigwa leza, na wengi zaidi retina ilikuwa imevutwa ikabanduka.

Mimi nilijiona kwenye huo wa tatu. Tiba bora kwa mtu wa Msasani si lazima iwe bora kwa mtu anayeshuka uwanda wa Makonde kwa Noah alfajiri kufuata basi.

Nilipoingia, daktari, kijana, akaanza: "Shikamoo mwalimu. Umepotea."

"Marahaba. Sikupotea daktari, barabara ndiyo ilipotea." Akacheka. Nikamwambia: "Mimi natoka Newala. Nipangie tiba ambayo hata nikikwama, jicho litanisubiri."

Aliweka kalamu chini. Alinieleza hasara bila kupamba: leza inapunguza uoni wa usiku na wa pembeni, na inaweza kuvimbisha katikati ya retina. Tukakubaliana sindano kwanza za kutuliza uvimbe, kisha leza macho yote mawili kwa awamu, nikikaa kwa shemeji yangu Mbagala hadi zikamilike. Barua ya shule aliniandikia palepale.

Leza iliniuma kuliko sindano, lazima niseme. Kidevu kwenye kifaa, kioo kimegusa jicho, mwanga wa kijani unapiga tap tap tap, na ukifika pembeni kabisa unachoma hadi ndani ya kichwa. Niliomba apumzike, akapumzika.

Damu haijarudi. Usiku sioni vizuri, kwa hiyo pikipiki naiegesha kabla ya magharibi, na tochi ya simu natembea nayo hata kwenda chooni. Kupulizia mikorosho salfa nimemwachia kijana, maana vumbi lile na jicho la mgonjwa haviendani. Sukari na presha napima Newala, na mabishano juu ya chai yangu yanaendelea nyumbani.

Kliniki bado ipo, ila imekuwa ya kuangalia tu. Ile iliyoangukia Novemba daktari aliisogeza mwenyewe, baada ya kuniuliza minada ya korosho inaisha lini.