Jinsi nilivyozuia kihariri kumeza msimbo wangu

Kila nilipohifadhi makala kwenye kihariri, yaani programu ninayoandikia makala za wavuti, mfano wa HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) uliokuwa katikati ulitoweka. Palipotakiwa kuonekana <b>jina</b>, msomaji aliona neno "jina" limekolezwa, basi. Kivinjari kikikuta < imefuatwa na herufi, huichukulia kuwa ni tegi (alama ya HTML inayokiambia cha kufanya) na kuitekeleza badala ya kuionyesha.

Kuuzungushia mfano huo tegi za <pre> na <code> hakukutosha. <pre> hutunza nafasi na mistari, lakini kilichomo ndani bado husomwa kama HTML. Dawa ni kubadilisha alama zenyewe: & iwe &amp;, < iwe &lt;, na > iwe &gt;. Hapa mpangilio ndio kila kitu, maana & lazima itangulie. Ukianza na < utapata &lt;, kisha zamu ya & ikifika itaigeuza kuwa &amp;lt;, na msomaji ataona &lt; tupu kwenye skrini. Uchafu huohuo hutokea ukibandika msimbo uliokwisha kubadilishwa kwenye mwonekano wa kawaida wa kihariri, kwa sababu chenyewe hubadilisha tena. Kwa hiyo niliubandika upande wa HTML.

Kilichobaki kilikuwa nukuu. Kihariri kiligeuza " kuwa “ na ”, jambo linalopendeza kwenye hadithi lakini Python, lugha ya kuandikia programu, huzikataa papo hapo. Nikazima badiliko hilo kwenye mipangilio, nikanakili msimbo kutoka kwenye ukurasa uliochapishwa, nikauendesha. Ukafanya kazi bila kuguswa.