Namba Isiyoenea Kwenye Kalkuleta

Mwezi ukishakuwa mpevu, Kibirizi hakuna dagaa. Wavuvi wetu wa Kigoma huwavuta kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi. Mitumbwi inapandishwa mchangani na mizani ya shangazi inalala. Ndiyo siku nilizomzoea babu mmoja, karani mstaafu wa reli, aliyekuwa akimshikia shangazi daftari la hesabu. Nilikuwa likizo, kidato cha pili, kichwa kimevimba kwa maksi za hisabati.

"Mjukuu wangu, mbili kwa mbili, ongeza moja?"

"Tano, babu."

"Nne kwa nne, ongeza moja?"

Kumi na saba. Kisha 16 kwa 16, ikaja 257. 256 kwa 256, ikaja 65537. Zote namba tasa, akasema, na mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat, mwanasheria ambaye hisabati ilikuwa starehe yake tu, aliandika kwamba anaamini mtindo huo haukatiki.

"Haya, endelea."

Nikavuta kalkuleta: 65536 kwa 65536. Ikaniandikia E. Kioo chake kilibeba tarakimu nane, na jibu linazo kumi. Nikazidisha kwa mkono nyuma ya karatasi za mahesabu ya zamani, nikaongeza moja: 4294967297.

"Itafutie kigawo."

Nilikuwa nimeshaanza na 3, kisha 7. Kwa mwendo huo ningezeekea pale. Babu akanishika mkono: kigawo tasa cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima kibakishe 1. Kanuni hiyo ni ya Leonhard Euler, Mswisi. Ghafla za kujaribu zikawa chache: 193, 257, 449, 577, 641. Nne za kwanza ziligoma.

641 katika 4294 ni mara 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7 ni 4487, baki 2. Shusha 6, haiingii, sifuri. Shusha 7, haiingii, sifuri tena. Hapo ndipo wengi huruka sifuri moja na hesabu nzima ikaharibika. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448. Ile ile 448! Tarakimu iliyosalia ilikuwa 7. Ukiishusha unapata 4487, na 4487 nilikuwa nimeshaiandika pale juu: mara 7 kamili.

641 kwa 6700417. Euler aliigundua mwaka 1732, Fermat akiwa kaburini miaka mingi. Mimi Fermat simwelewi mpaka leo. Ni kazi ya karatasi moja! Na baada ya 65537, katika mtindo ule, haijapatikana tasa nyingine.

"Hizo hesabu zenu kilo shilingi ngapi?" shangazi akauliza kutoka mlangoni.

Babu hakumjibu. Aliigonga 6700417 kwa kalamu. "Na hii? Tasa?"

Kanuni ni ile ile, na hakuna haja ya kuvuka 2588, maana 2589 kwa 2589 inaipita. Nikajaribu 641 tena, kisha 769, 1153, 1217, 1409, 1601, 2113. Hakuna iliyoingia.