Kahawa ya matone

Kile kidude nilidhani ni chujio la chai. Dada wa ghorofani alinishushia siku anahama, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha jikoni, pamoja na sufuria mbili na feni bovu ambalo mpaka leo naahidi kulipeleka kwa fundi. Mvietinamu, mtu wa Hanoi, alikuja Dar na kazi ya mitambo ya simu. Mimi nilikuwa namwita chị, kwao ndiyo dada mkubwa, yeye akiniita dada. Basi kila mmoja akawa dada kwa lugha yake mwenyewe.

Kidude kinaitwa phin, cha kudondoshea kahawa ya Kivietinamu, ile inayonywewa na maziwa mazito matamu ya kopo na barafu. Kikopo cha bati chenye matundu chini, kimekalia kisahani kinachotua juu ya glasi. Ndani kuna kibati kingine cha matundu cha kulalia kahawa, juu mfuniko. Hakitaki karatasi wala umeme, na ninapokaa mimi hiyo ya umeme peke yake inatosha kukipenda.

Mara ya kwanza nilinunua kahawa ya unga, ile wanayonunua wauza kahawa wa vijiweni. Nikajuta. Ile inasagwa laini kabisa kwa sababu inakwenda kuchemshwa kwenye birika, machicha yatulie yenyewe. Kwenye phin ilishikana kama udongo wa mfinyanzi. Nikamimina maji, nikapanda kuanua nguo, nikazikunja, nikarudi: ndani ya glasi matone hayajai kijiko. Mara ya pili nikatwanga mwenyewe kwenye kinu. Nusu vumbi, nusu mapande, maji yakapita mbio nikapata maji ya rangi. Siku hizi napeleka mashineni na kumwambia kijana aiache chenga, kama sukari. Ananiangalia kama mtu anayeharibu kahawa, lakini anasaga.

Halafu kuna suala la kahawa yenyewe, na hapa nilipoteza hela. Nilinunua arabika nzuri ya Kilimanjaro, ya bei, nikijua naipa heshima. Ikazama. Yale maziwa mazito ya kopo yaliimeza yote, ikabaki harufu kwa mbali. Kinywaji hiki kinataka robusta, kahawa chungu, nzito, yenye kafeini inayokaribia maradufu ya arabika. Vietnam ni ya 2 duniani kwa kahawa baada ya Brazil, na sehemu kubwa ya wanachovuna ni hiyo robusta, kwenye nyanda za juu kama Đắk Lắk. Na mimi nimeolewa na Mhaya! Robusta ya Kagera imejaa kwa wakwe zangu, huko mgeni hukaribishwa kwa kahawa za kutafuna, mimi nahangaika madukani mjini. Nilipoomba, nikaletewa kifurushi kwa basi la Bukoba.

Maziwa ya kopo Wavietinamu walianza nayo kwa sababu ya shida. Kahawa ililetwa kwao na wamisionari wa Kifaransa mwaka 1857, lakini maziwa mabichi yalikuwa adimu, na joto lile yasingekaa. Wakashika ya kopo. Siku moja nilimtilia chị kahawa na maziwa mabichi ya muuza maziwa wetu, nikijiona nimemkirimu. Alitabasamu vizuri sana, kikombe akakiacha mezani.

Sasa navyofanya. Vijiko 2 vya chakula vya maziwa ya kopo chini ya glasi. Kahawa vijiko 3 ndani ya phin, naitikisa ilale sawa, naweka kibati juu bila kukandamiza kwa nguvu. Maji yaliyotoka kuchemka, kidogo tu kwanza, ya kuilowesha. Nusu dakika. Utaona inavimba na kutoa mapovu. Hapo ndipo najaza na kufunika. Tone la kwanza likidondoka juu ya maziwa linakaa pale pale, doa jeusi kwenye weupe, halizami. Dakika 4 au 5 baadaye una tabaka mbili zisizojuana. Mfuniko unaugeuza, phin unaitua humo isichafue meza. Hiyo alinionyesha chị kwa mkono, hatukuwa na maneno yake. Koroga mpaka chini kabisa, ndipo umwagie barafu glasi nzima. Ukitanguliza barafu maziwa yanagoma kuyeyuka.

Kusini mwa nchi yao wanaiita cà phê sữa đá: kahawa, maziwa, barafu. Hiyo đá ni jiwe pia. Chị, mtu wa kaskazini, alisema nâu đá, na nâu ni rangi ya kahawia. Nimeipenda hiyo: wao kahawa wameipa jina la rangi, sisi rangi tumeipa jina la kahawa.

Barafu nusura inivunjie heshima. Mama mkwe alikuja, shikamoo zimeisha, nikamtengenezea kwa mbwembwe, nikimweleza ni kahawa ya nyumbani kwake hiyo. Akanywa funda moja. Akanyamaza. Akanusa glasi.

"Mwanangu, umeweka samaki?"

Pweza. Alikuwa kwenye friza tangu Ijumaa, mfuko umefunguka, na barafu zangu wazi pembeni yake. Nilimwaga yote nikaanza upya, barafu ya kununua dukani. Ile ya pili aliimaliza, akauliza kopo la maziwa liko wapi, na jioni nilimkuta nalo sebuleni, na kijiko.