Maji ya kisima yalivyonilia picha zangu Paje

Picha zangu za kwanza za mwani, nilizochapa Paje, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, zilitoka na buluu nzito, nikazilaza kwenye beseni la maji ya kisima zijisuuze, nikaenda kula. Niliporudi zilikuwa zimepauka kama kanga iliyofuliwa miaka kumi. Karatasi sita, asubuhi nzima ya jua.

Njia ninayotumia ni ya zamani, inaitwa sianotaipu. John Herschel aliivumbua Uingereza mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuchapa nayo mwani wa kwao, bila kamera. Unachanganya chumvi mbili za chuma, feriki amonia sitreti na potasia ferisianidi, unapaka karatasi mahali penye giza, unalaza mwani juu, unabana kwa kioo, unatoa juani. Palipopigwa na jua hugeuka buluu, palipofunikwa hubaki peupe. Mimi huongeza negativu, yaani picha iliyogeuzwa mwanga na giza, ya ufuo wenyewe, vigingi na kamba za mashamba ya mwani, ili mmea na mahali ulipoota vikae kwenye karatasi moja. Kwa jua la saa sita la Paje, dakika saba zilinitosha.

Nilidhani nimepima dawa vibaya. Nikapima upya, nikapaka upya, yakawa yale yale. Siku ya tatu nikasuuzia baharini, ujinga ambao hadi leo nauonea aibu, maana maji ya bahari ni alkali, yaani kinyume cha uchachu, na ndiyo yaliyomaliza kabisa kilichobaki.

Aliyenifumbua macho ni mama mwenye nyumba, mkulima wa mwani tangu kilimo hicho kilipoanza hapo mwaka 1989. Alinikuta nimeinama juu ya beseni, akacheka.

"Mwanangu, maji hayo hata sabuni haitoi povu. Hujaona birika langu?"

Nilikuwa nimeliona kila asubuhi. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe unene wa ganda la yai. Kijiji chote kimekaa juu ya jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yanayopita humo hutoka na ualkali, na buluu hii haiuvumilii hata kidogo.

Sikuwa na kifaa cha kupimia ualkali, nikatumia juisi ya choya, ambayo hubadilika rangi ikikutana nao. Kijiko kimoja kwenye maji ya mvua kilibaki chekundu. Kwenye maji ya kisima kiligeuka zambarau iliyochoka. Basi nikakata picha moja vipande vitatu: kimoja kwenye maji ya mvua, kimoja kwenye ya kisima, kimoja kwenye ya kisima yaliyokamuliwa ndimu. Baada ya nusu saa cha kisima kilikuwa kijivu. Vile viwili vingine sikuweza kuvitofautisha.

Kipimo nilichobaki nacho ni ndimu nne kwa beseni la lita kumi, zichujwe kwa kitambaa, la sivyo nyuzi zake hunata kwenye karatasi. Suuzo la mwisho, maji ya mvua kama yapo. Mwani mbichi nao una lake: hutoa maji ya chumvi yanayoacha madoa, kwa hiyo huwa naweka nailoni nyembamba katikati. Picha hupoteza ukali kidogo. Nimekubali.

Kazi yenyewe ilifuata bahari. Siku za maji mafu mashamba hayafunuki vya kutosha, nikawa nangoja bamvua ndipo niingie na akina mama. Walinipa spinosamu, moja ya aina mbili za mwani wanaolima, bila shida. Kotonii, aina ya pili, inayolipa vizuri zaidi, sikuipata: maji ya kina kifupi yamepata joto na yenyewe haistahimili, hufa ikiwa kambani. Nikachapa kamba tupu iliyokuwa ikiibeba. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, ingawa wengi hudhani ni kosa.

Zile sita zilizopauka sikuzitupa. Mama aliomba moja, akaibandika jikoni, karibu na birika. Kisha akaniuliza ndimu zake zimekwenda wapi.