Oganesoni niliifundisha kwa punje za mahindi

Chati ya elementi iliyopo kwenye darasa letu la kidato cha nne ni ya siku nyingi. Kisanduku cha mwisho, namba 118, kimeandikwa Uuo, kifupi cha jina la muda lililotumika kabla ya mwaka 2016; siku hizi elementi hiyo inaitwa oganesoni. Kipo safu moja na neoni na argoni, ndiyo maana binti mmoja wa dawati la mbele akauliza: "Mwalimu, hii nayo ni gesi? Ina rangi gani?"

Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo. Ofisini mwenzangu mmoja mkongwe akanishauri, "Dada, hiyo haitoki kwenye mtihani. Waambie ni gesi, wakariri, msonge mbele." Ushauri huo ulinikera na unanikera mpaka leo, maana hata jibu lenyewe si sahihi. Oganesoni hakuna aliyewahi kuiona kwa macho. Atomi zake zilizopatikana duniani ni za kuhesabu kwa vidole, na atomi tano haziwezi kuwa gesi wala jiwe. Wanasayansi wamepiga hesabu wakaona kwamba ingepatikana ya kutosha, huenda ingekuwa yabisi kwenye joto la kawaida. Kiini chake kina chaji kubwa mno, elektroni za karibu nacho zinakwenda mbio sana, na tabia tulizozizoea kwa ndugu zake wa safu ile zinavurugika.

Namna ilivyotengenezwa haikunisumbua. Niliandika ubaoni kalsiamu, protoni 20, na kalifoniamu, protoni 98, nikawaambia wajumlishe. Darasa zima likapiga kelele: 118! Ndivyo walivyofanya kweli pale Dubna, mji ulio kando ya mto Volga nchini Urusi, mwaka 2002, wakishirikiana na Wamarekani wa maabara ya Livermore. Waliirushia kalifoniamu-249 viini vya kalsiamu-48 (namba hizo ni jumla ya protoni na neutroni za kiini) kwa miezi, na karibu vyote vilipita bure. Kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, 48 na 249 ni 297. Mbona umeandika oganesoni-294?" Nilifurahi kuliko siku niliyopata ajira. Neutroni tatu huruka nje wakati viini vinaungana.

Kilichonitoa jasho ni nusumaisha, yaani muda ambao nusu ya atomi huvunjika. Ya oganesoni-294 haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Nikataka waione kwa macho, nikanunua mshumaa mdogo, mia mbili mia tatu hivi, nikauchora mstari katikati. Tulikuwa na vipindi viwili mfululizo. Dakika 40 zikapita, moto ukafika mstarini, nikatangaza kwa kujiamini: hiyo ndiyo nusumaisha! Tukaendelea na kazi nyingine. Kengele inakaribia, mshumaa ukazimika, umekwisha wote. Yule yule binti akanyoosha mkono: "Kwa hiyo nusu ya pili nayo inakwisha yote?" Nikasimama na chaki mkononi. Mshumaa unapungua kwa kiasi kile kile kila dakika. Elementi zenye mnururisho haziko hivyo: baada ya nusumaisha mbili inabaki robo, baada ya tatu inabaki thumni. Nilikuwa nimewafundisha kosa kwa muda wa saa nzima, na usiku ule sikulala vizuri.

Mahindi niliyapata jikoni kwangu. Nilikuwa nachambua makande, nikaona punje ni bapa, zina pande mbili. Nikahesabu 100, nikazipaka wino mweusi upande mmoja. (Nilianza na vizibo vya soda, lakini vyangu vilipenda kuangukia upande mmoja.) Kesho yake nikazimwaga mezani ndani ya ungo. Zilizoonyesha weusi zimekufa, toa. Zikabaki 53. Tikisa tena: 24. Kisha 13, 7, 3, mwisho 1. Walichora grafu wenyewe, sikuwaambia kitu. Fanyeni kwa makundi, kila kundi na ungo au sinia lake, namba hazitalingana na hapo ndipo mazungumzo yanapokuwa matamu.

Ile punje moja iliyobaki ndiyo iliyofundisha kuliko mimi. Tuliitikisa mara ya kwanza, haikufa. Ya pili, haikufa. Ya tatu, watoto wamesimama juu ya madawati, bado. Ya nne ikaonyesha weusi. Nikawauliza nani aliweza kutabiri. Kimya. Basi Dubna walikuwa na punje moja moja namna hiyo.

"Sasa walijuaje kwamba ilikuwepo?" Swali zuri kupita yote. Nikawakumbusha nyayo kwenye mchanga wa ufukweni, mtu ameshapita lakini unajua alikoelekea. Atomi ya 118 ikitupa chembe ya alfa, yaani kipande chenye protoni mbili na neutroni mbili, inapoteza protoni mbili, inakuwa 116, kisha 114, na kila hatua kifaa kinanasa nishati yake na muda wake palepale ilipotua.

Tulimaliza kwa jina. Yuri Oganessian, aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa hai elementi ilipopewa jina lake mwaka 2016. Kabla yake ni Glenn Seaborg peke yake aliyepata heshima hiyo akiwa hai. Yule binti akaomba kalamu yangu ya wino, ile ile ya mahindi, akapanda kwenye kiti, akaifuta Uuo na kuandika Og.