Kaskazi Ile Ile, Mvua Tofauti

Kusema visiwa vya Bahari ya Hindi vina "hali ya hewa ya kitropiki" ni sawa na kutosema kitu. Mpeleke fundi wa mabirika ya kuwekea maji ya mvua kutoka Moroni, Komoro, hadi Malé, Maldivi, na vipimo vyake vile vile, uone kazi itakavyoharibika. Kabla ya kulinganisha Komoro, Shelisheli, Morisi na Maldivi, uliza kwanza mambo mawili: chini kuna jiwe gani, na kisiwa kiko nyuzi ngapi kutoka ikweta. Wastani wa mvua kwa mwaka, ambao vijitabu vya utalii huuweka mbele, unaweza kusubiri.

Tuanze na upepo, kwa kuwa watu wa mwambao wanaujua. Wangazija nao wana kashkazi na kusi, majina yale yale. Lakini kaskazi haileti kitu kimoja kila mahali. Maldivi inaipokea ikiwa inatoka nchi kavu ya Asia, kavu yenyewe, kwa hiyo kuanzia Januari hadi Aprili kule kaskazini mwa nchi ni kiangazi. Upepo huo ukishavuka ikweta unakuwa umepita juu ya bahari ya moto siku nyingi na umeshapinda, sasa unavuma kutoka kaskazini-magharibi, umejaa unyevu. Ndiyo maana miezi hiyo hiyo Komoro na Shelisheli zinalowa. Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote ni Januari. Unguja iko katikati ya mambo haya, kaskazi yake ina joto na ukavu, na masika inasubiri upepo ugeuke. Morisi, nyuzi 20 kusini, iko mbali na mchezo huo: pepo za kusini-mashariki huvuma huko karibu mwaka mzima.

Sasa jiwe. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro ulipo mji wa Moroni, ndiyo fumbo lenyewe. Moroni hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka, lakini kisiwa kizima hakina mto wa kudumu hata mmoja. Mlima Karthala, mita 2,361, ni volkano hai, na lava yake changa ina matundu na nyufa kama sifongo. Mvua inanyesha, inazama, inatokea chini ufukweni ikiwa imechanganyika na ya bahari. Visima vya pwani hupanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa, na vingi vina magadi. Nzwani na Mwali, visiwa vingine vya Komoro, ni vikongwe zaidi, udongo wake umeshashikana, mito ipo. Ila Nzwani mito mingi imekauka baada ya miti ya milimani kukatwa.

Kwa hiyo Ngazidja maji ni paa na birika. Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita za mraba 60, mwezi wenye milimita 300, ni lita 18,000. Toa sehemu ya tano kwa yanayoruka, yanayovuja na yanayofurika kwenye gata, zimebaki 14,400. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, hiyo ni miezi minne, mradi birika liweze kuyabeba. Makosa hutokea kwenye vitu vidogo: birika lisilofunikwa, ambalo mbu hulihamia, na lita 30 za kwanza za kila mvua, zenye vumbi na kinyesi cha ndege, ambazo zilipaswa kumwagwa. Karthala ilipolipuka Novemba 2005, majivu yaliingia kwenye mabirika ya wazi na maelfu ya watu wakakosa maji safi. Majivu yakianza kuanguka, chomoa bomba linaloingia birikani kwanza, kisha fagia paa likiwa bado kavu. Yakilowa huwa tope zito, hata bati linaweza kubonyea.

Shelisheli ni kinyume chake. Mahé ni mwamba wa matale (graniti) wenye umri wa takriban miaka milioni 750, kipande kilichobaki baharini bara la kale la Gondwana lilipovunjika. Mwamba huo haunywi maji. Milima ni mikali, Morne Seychellois ina mita 905 na bahari iko hapo chini tu, basi mvua ya asubuhi imeshafika ziwani mwa matumbawe kabla ya jioni. Kusi ikikaza Julai na Agosti, vijito hupungua haraka, na mitambo ya kusafisha maji ya chumvi hubeba mzigo.

Upande wa vimbunga Mahé ina bahati. Dunia inapozunguka huupinda upepo, lakini karibu na ikweta mpindo huo ni dhaifu mno kuufanya upepo uzunguke, na Mahé iko chini ya nyuzi 5. Usiseme nchi nzima imesalimika: Farquhar, visiwa vyake vya kusini, nyuzi 10, vilivunjwavunjwa na kimbunga Fantala Aprili 2016. Unguja nayo, nyuzi 6, iliangushiwa mikarafuu yake na kimbunga Aprili 1872.

Morisi vimbunga ni sehemu ya kalenda. Baada ya kimbunga Carol, Februari 1960, nyumba za mbao na bati zilianza kuachia nafasi zege. Tahadhari zina madaraja 1 hadi 4, la mwisho likitolewa upepo wa ghafla ukifikia kilomita 120 kwa saa. Hatari kubwa ni utulivu wa katikati: jicho likipita watu hutoka kuangalia mabati, na upepo unarudi kutoka upande wa pili. Siku za kawaida, mabaharia wetu wangesema mji wa Curepipe uko joshini, upande upepo unakotoka, na Port Louis, mji mkuu, uko demani, upande upepo unakokwenda. Curepipe, kwenye mita kama 550, ina ukungu na sweta, na Port Louis, mwendo wa kilomita 20 hivi, inaungua jua.

Maldivi haina mlima wa kuzuia wingu wala mwamba wa kushika maji yake. Ni mchanga wa matumbawe, wastani wa mita 1.5 juu ya bahari, na bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, ikikutana na mawimbi makubwa maji huingia uani. Chini ya mchanga huo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yameelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kila sentimita 1 ya maji hayo baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama 40 chini yake. Ukivuta kisima kikashuka sentimita 10, chumvi inaweza kupanda hadi mita 4, na katika visiwa vidogo maji hayo baridi yana unene wa mita chache tu. Kwa hiyo visima viwe vifupi, vingi, vilivyotawanyika, na pampu ndogo ivute polepole. Chumvi ikishafika kwenye bomba, kuzima pampu siku moja hakusaidii. Kisima hungojea mvua za hulhangu, msimu wa upepo wa kusini-magharibi, kuanzia Mei.