Kizibo

Jumapili jirani yetu wa Mpunguzi alitupitishia chupa ya mvinyo wa zabibu zake mwenyewe. Kifungulio hatuna, hivyo shemeji akahangaika na skrubu na koleo mpaka kizibo kikakatika, nusu ikabaki shingoni mwa chupa. Mpwa wangu akachukua mpini wa mwiko akaanza kukisukuma kwa ndani. Kikaachia: puf. Watu wakacheka. Mimi nikajikuta nimemkamata yule kijana kifundo cha mkono.

"Mjomba, vipi?"

Nikamwambia hakuna kitu.

Ilikuwa ile sauti ya Rungwa, pori la akiba nilikofanyia kazi kwenye misafara ya uwindaji. Wengi wenu mmeshanisikia nikiigusia, mara zote kwa haraka na mara nyingi vibaya.

Agosti 2009. Nilikuwa mbeba bunduki kwa mwaka wa tatu, na mgeni wetu alikuwa Mmarekani mmoja, mzee mpole, mwenye raifo ya kuwindia wanyama wakubwa, .375 H&H. Risasi zake alizijaza mwenyewe nyumbani kwake: ganda lililokwisha kupigwa, fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti anaipima kwa mizani, kichwa kinachoruka, cha greni 300, yaani gramu 19 na ushee, kinakandamizwa juu. Zilikuwa 50 kwenye kisanduku cha plastiki cha kijani, kila moja na tundu lake, na kwenye kifuniko kibandiko chenye tarehe, aina ya baruti na uzito wa kila kitu. Mwindaji bingwa wetu, kiongozi wa msafara, hakuzipenda. Mimi zilinipendeza, kwa sababu zilikuwa safi kuliko zile za kiwandani tulizokuwa nazo stoo, ambazo maboksi yake yalishalegea kwa jua na kuhamishwahamishwa.

Siku mbili za kwanza zilipiga vizuri mno. Nyumbani alikuwa amezilinganisha na bunduki hiyohiyo, na kwa mita 100 matundu matatu ungeyafunika kwa sarafu moja. Siku ya tatu tukamkuta pofu, yule swala mkubwa.

Dume zee, limesimama chini ya mninga, kama hatua 90, ubavu wazi. Mgeni ameegemeza bunduki kwenye vijiti vitatu, mimi niko nyuma ya bega lake la kulia, nimeshika mguu mmoja wa vijiti usiteleze kwenye mchanga. Mbung'o ametua shingoni kwake, juu ya kola, na sikuthubutu kumfukuza. Akavuta pumzi, akaiachia nusu. Nilikuwa nimeshakaza meno, maana .375 inakupiga kifuani hata kama hukuishika wewe.

Puf.

Kama mtu anayezima kibatari. Bega lake halikurudi nyuma. Mtutu haukunyanyuka. Kamoshi kembamba kakatoka kwenye chemba alipofungua. Pofu akageuza masikio tu, hakukimbia, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe: mnyama bado yupo, na mtu aliyezoea bunduki hangoji kufikiri, mkono unajifanyia kazi. Bolti juu, bolti nyuma, ganda likaruka likaangukia majani makavu kwa mlio uleule wa siku zote. Bolti mbele. Niliiona shaba ya risasi ya pili ikizama. Ilipofunga, nikamkamata kifundo cha mkono, kwa nguvu zote, kidole chake kikiwa bado hakijafika kwenye triga.

Mwindaji bingwa akageuka. "Wewe, una wazimu?"

"Bwana, haijatoka."

"Nini haijatoka?"

"Kichwa. Kimo humohumo."

Pofu akaondoka zake kwa kutembea. Mgeni alikuwa ananiangalia mkono wangu juu ya mkono wake, nami sikuuondoa mpaka mwindaji bingwa alipoifungua bunduki, akaitoa ile risasi ya pili, akachomoa bolti nzima na kuinua mtutu juu akichungulia kwa nyuma. Mtutu mzima unaonyesha duara la mwanga. Huu ulikuwa giza. Akampa mgeni naye achungulie. Mzee akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Kama hujawahi kuliona jambo hili, ni rahisi kudhani kwamba risasi isiyolia haina madhara. Fataki peke yake, bila baruti, ina nguvu ya kukitoa kichwa kwenye ganda na kukisukuma ndani ya mtutu, haina nguvu ya kukifikisha mdomoni. Kikiishia mwanzoni kabisa mwa mifuo, ile michirizi ya ndani ya mtutu, risasi ya pili haitaingia, bolti itagoma, na hiyo ni bahati. Chetu kilikuwa kimesogea kama upana wa kiganja. Nafasi ilikuwepo. Ukipiga ya pili hapo, inakikuta cha kwanza kimeziba njia, na mtutu unavimba au unapasuka umbali wa kiganja kutoka kwenye mkono wako wa kushoto. Na uso wangu ulikuwa palepale begani kwake.

Niliokota ganda. Hapo ndipo unapojua kosa ni la nani. Baruti ikiwa ilikuwemo lakini haikuwaka, ndani utakuta chembe zimegandamana, nyingine zimeungua nusu, na nyingine zimemwagikia kwenye magazini. Ganda letu lilikuwa na masizi tu, kavu. Kovu la sindano ya bunduki, ile inayoigonga fataki, lilikuwa la kina, la katikati. Kwa hiyo bunduki ilifanya kazi yake na fataki ilifanya kazi yake. Mtu alisahau kutia baruti.

Kambini tuliubana mtutu kwenye jiliwa la fundi wa magari, tukaufunga matambara. Mafuta matone machache pande zote mbili, tukaenda kula. Kisha fito ya shaba, siyo chuma, kwa sababu chuma kinakwaruza mifuo, imezungushiwa utepe, tukaingiza kwa mdomoni na kugonga kidogokidogo kurudisha kichwa kilikotokea. Kilitoka kwa pigo la kumi na kitu. Baadaye tukapitisha kitambaa kilichobana: kama kuna mahali kinalegea ghafla, mtutu umevimba. Hakikulegea.

Mgeni hakubisha wala hakujitetea. Alikaa na daftari lake jioni yote, akifuata mstari kwa mstari. Kila risasi ilikuwa na alama ya vema.

Kesho yake mwindaji bingwa alikuwa anakwenda Manyoni kufuata dizeli, akazibeba zilizobaki, 37. Tukaenda kwa rafiki yake mnunuzi wa dhahabu, mwenye mizani inayosoma sentigramu. Akaishika ya kwanza, akaisugua kwa kidole, akauliza hii shaba tunaiuza bei gani. Zilicheza kwenye gramu 41. Nyepesi kuliko zote na nzito kuliko zote zilipishana sentigramu 31, na tofauti hiyo inaweza kuwa ya maganda tu. Risasi isiyo na baruti ingepungua zaidi ya gramu nne, ingeonekana hata kwa mizani ya duka la dagaa. Iliyopungukiwa kidogo, mizani haikuambii.

Mwindaji bingwa hata hivyo akaamua: za kiwandani. Kwa mita 100 zikapiga vidole vinne chini na kushoto, tukapoteza nusu siku na sita kati ya risasi zetu kurekebisha darubini. Siku ya pili yake mgeni akamlenga kongoni, akavuta triga.

Tik.

Hapa sheria ni kungoja. Mtutu umeelekea kule kule, hufungui, unahesabu sekunde 30, kwa sababu fataki mbovu inaweza kuchelewa na kulipuka ukiwa umeshafungua bolti. Tulihesabu. Kongoni hakuhesabu nasi. Kovu kwenye fataki lilikuwa zuri, la kina kama lile la kwanza. Lingekuwa la juujuu ningesema ni mafuta yaliyoganda kwenye bolti na vumbi. Fataki ilikuwa imekufa. Nilijua kwa nini, au nadhani nilijua: mwaka uliotangulia kuna kijana wa stoo aliyezipaka risasi mafuta ya bunduki zisishike kutu. Mafuta yanapenya pembeni ya fataki, taratibu, na kiwanda hakina kosa. Kijana mwenyewe ndiye aliyenifundisha kazi, sikumtaja.

Mwindaji bingwa akaigeuzageuza ile risasi, akaitia mfuko wa shati, hakusema neno mpaka kambini.

Asubuhi, kabla ya chai, nilimkuta ameketi kwenye gogo na kile kisanduku cha kijani magotini. Anatoa risasi moja moja, anaitikisa sikioni, anairudisha. Baruti ya .375 hujaza ganda karibu lote, kwa hiyo iliyojaa hailii. Tupu nayo hailii. Alilijua hilo kuliko mimi. Alizitikisa zote 37, akachagua nne, akanipa nizitie kwenye mkanda wangu.